Pikipiki Iliyokuwa Ikizimika Njia ya Bisil

Kajiado,
Alhamisi jioni.

Mke wangu mpendwa, Mama Mwikali,

Kabla ya kusema neno lolote langu, nataka kujua habari za goti lako. Je, dawa ya kupaka aliyokupa muuguzi imesaidia, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa mguu mmoja? Na mama yangu anakula vizuri? Mwambie kwamba blanketi lake bado ninajifunika, kwa kuwa baridi ya alfajiri ya huku haina huruma. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haukutulia, na ndiyo sababu umekaa wiki tatu bila kupata barua yangu.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu: nitarudi nyumbani au nitabaki? Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Wiki iliyopita mkuu wetu wa ofisi ya mifugo, Bi. Naomi, aliniita ofisini Kitengela, akaniambia kwamba pikipiki niliyopewa ikinikwamisha mara moja tena, nitakabidhi ufunguo, na eneo la Bisil litapewa mtu mwingine. Bila pikipiki sina kazi, maana boma la karibu kabisa nililopangiwa ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabara ya lami. Nami nimebakiza miaka miwili tu nistaafu. Acha nikueleze mambo kwa utaratibu, kwa kuwa nikianza katikati nitakasirika kabla sijamaliza.

Pikipiki yenyewe ni mpya. Nilipoipokea, kiti kilikuwa bado kimefunikwa kwa nailoni. Nilikisoma kitabu chake chote cha maelekezo, nikazitafsiri sehemu muhimu kwa Kiswahili katika daftari. Kilomita mia tano za mwanzo sikuikimbiza, ingawa kila mwenye baiskeli alinipita akicheka. Mafuta ya injini niliyabadilisha siku ileile iliyoagizwa na kitabu. Kila jioni ninaufuta mnyororo na kuupaka mafuta, ninakaza spoki na kuangalia upepo wa magurudumu. Inalala chumbani mwangu juu ya gunia. Siku moja mama mwenye nyumba alichungulia mlangoni akasema, “Mzee, sasa wewe umeoa hii kitu?” Nikamjibu kwamba mke wangu yuko Mwingi na ana afya njema.

Mwezi wa kwanza sikupata shida yoyote. Mwishoni mwa mwezi huo nilimsaidia ng'ombe aliyekuwa ameshindwa kuzaa tangu jana yake, mali ya bibi mmoja wa Kimaasai, Koko Nasieku (koko kwao ni nyanya). Boma lake liko ng'ambo ya Bisil. Ndama alitoka hai, na mama yake akasimama. Siku tatu baadaye Koko aliniletea zawadi: kifuniko cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa shanga nyekundu, nyeupe na za buluu, cha kuvika mfuniko wa tangi la petroli. Alikuwa amekipima kwa kamba nisimwone. “Vumbi isiingie kwa tumbo ya hii punda yako,” aliniambia. Kilikaa sawasawa kama ngozi juu ya ngoma, tena kilikuwa na ukanda wa kukibana. Mtu akikupa kitu cha mkono wake huku, hukiweki sandukuni. Nilikivika palepale mbele yake, na kusema kweli nilijivuna.

Baada ya hapo pikipiki ikaanza kuzimika. Ilikuwa inatoka Kajiado vizuri, lakini baada ya nusu saa hivi inakohoa, inaishiwa nguvu, na kunyamaza. Ninateremka. Ninafungua tangi nihakikishe petroli imo, na imo. Ninaitoa plagi kwa spana, ninaisugua kwa brashi, ninairudisha. Nikipiga kiki, inawaka. Nusu saa nyingine, tena. Nikaamua kwamba ugonjwa uko kwenye plagi. Nikanunua mpya, nayo ikafanya vilevile. Fundi wa Kitengela alisafisha kabureta na kichujio cha hewa, akaizungusha mjini kwa dakika kumi, akarudi akipiga mluzi. “Mzee, hii mashine iko poa. Labda ni wewe unaiogopa.” Sikumuaga wakati wa kuondoka.

Kisha ikafika siku ya chanjo. Wenye ng'ombe walikuwa wameizuia mifugo bomani tangu alfajiri wakinisubiri, na mimi nilikuwa nimebeba chanjo katika sanduku la barafu. Pikipiki ilizimika mara tatu njiani. Nilipofika, jua lilikuwa utosini na barafu ilikuwa maji. Chanjo ikalazimika kutupwa yote mbele ya macho yao. Mzee wa boma hakupaza sauti. Aliniuliza tu, “Daktari, ng'ombe zimekaa na njaa zikikungoja. Wewe ulikuwa unaosha pikipiki?”

Mama Mwikali, maneno hayo yaliniuma, na mtu aliyeumwa hutafuta wa kumwumiza. Bisil petroli inauzwa na mtu mmoja tu, Bwana Adan, mfanyabiashara kutoka Garissa, ambaye huipima kutoka kwenye mapipa nyuma ya duka lake. Niliwaza hivi: plagi inachafuka kwa sababu petroli ni chafu, na petroli ni ya Adan. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Nilisimama mlangoni mwa duka nikamwambia mbele ya watu kwamba anachanganya petroli na mafuta ya taa.

Adan alikuwa anapima sukari. “Mzee,” akasema, “mimi nauzia padri. Nauzia polisi. Nauzia gari ya chifu. Hao wote wanatembea. Ni yako tu inakataa?”

Nikamjibu kwamba hata mwizi ana wateja wengi. Watu walicheka, nami nikaondoka nikijiona mshindi. Kesho yake niliyaandika hayohayo katika ripoti ya ofisi, kwa mwandiko mzuri na bila kosa hata moja. Ofisi ikaacha kununua kwake. Adan alipopata habari akaapa kwamba gari letu na pikipiki yetu havitapata tone lake tena hata vikija vikisukumwa.

Basi nikawa ninabeba petroli ya Kajiado katika mtungi. Na pikipiki ikaendelea kuzimika. Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika kweli. Niliketi kula, nikainuka kuiangalia. Niliketi kusoma, nikainuka. Hata sasa, tangu nianze barua hii, nimeinuka mara mbili.

Jumatatu nilitoka mapema kwenda ng'ambo ya Bisil. Ilipozimika nilitia mkono mfukoni, nikagundua kwamba spana ya plagi nimeisahau nyumbani. Sikuwa nimewahi kusahau kifaa cha kazi tangu nianze kazi. Sikuwa na la kufanya. Nikaufungua ukanda wa Koko, nikauzungusha mfuniko wa tangi ili niangalie petroli kama kawaida. Upepo ulikuwa umetulia, wala hapakuwa na gari barabarani. Nikasikia tangi linavuta pumzi, fsss, kama mtu aliyezibwa pua akaachiliwa. Nikasimama hapo na mfuniko mkononi. Plagi sikuigusa. Nikapiga kiki, ikawaka mara moja.

Niliugeuza mfuniko nikaona kitundu kidogo juu yake, kisichozidi ncha ya sindano. Hapo ndipo hewa inapoingilia kadiri petroli inavyoshuka. Hewa isipoingia, petroli haiteremki, na injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Kilichokuwa kinaiwasha kila mara si kusugua plagi, ni kufungua tangi. Na fundi yule alipolijaza tangi alikiweka kando kifuniko changu kisichafuke, akazunguka mjini bila hicho.

Sikutaka kuamini mara moja. Nilikivika tena kwa makusudi, ikazimika baada ya nusu saa. Nikakivua, nikaenda hadi Namanga na kurudi Bisil bila kusimama, na haikukohoa hata mara moja. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona joto limenipanda usoni, kwa sababu nilikumbuka duka la Adan.

Nilimpitia Koko kwanza, kwa kuwa nilidhani yeye ndiye mgumu. “Takwenya, Koko,” nikamwamkia kwa Kimaasai. “Iko,” akaitikia kwa lugha hiyohiyo, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye tangi. “Nguo ya punda iko wapi?” Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kidevu, kisha akacheka mpaka akaketi chini. “Kumbe mimi nimeziba yeye pua, na wewe unamwosha meno!” Akakichukua kifuniko, akakishonea kwenye mfuko wangu wa dawa, na hapo kipo hadi sasa. Hakuona haya wala hakukasirika.

Jumanne nilikwenda Kitengela. Njiani nilikuwa na ripoti mbili kichwani. Ningeweza kuandika kwamba tatizo limekwisha baada ya kuacha petroli ya Bisil. Hakuna ambaye angeuliza zaidi, na pikipiki ingebaki kwangu. Nilipofika nikaketi kwenye benchi nikaandika ile nyingine. Bi. Naomi aliisoma yote, akanitazama, akairudia.

“Mzee Mutinda, kwa hivyo ni shanga?”

“Ni shanga, Mama.”

“Na Adan?”

“Adan hakukosa kitu.”

Hakucheka. Alisema kwamba chanjo nyingine italetwa Jumamosi, kwamba gari la ofisi haliwezi kufika maboma ya mbali bila kujaza petroli Bisil, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kumtumia Adan mtu, naye akakataa. “Nenda umwombe wewe,” akasema. “Akikubali, pikipiki ni yako mpaka ustaafu. Akikataa, nitatafuta mtu ambaye hajagombana na Bisil.”

Jumatano sikwenda. Nitakuambia ukweli, nilijisingizia mnyororo. Wewe unanijua. Katika miaka yote ya ndoa yetu nimekuomba msamaha mara moja tu, tena kwa barua.

Leo nikaenda. Palikuwa na wanawake wawili wakinunua majani ya chai, na wazee watatu wameketi nje kwenye benchi. Nilimsalimia Adan kwa salamu ya dini yake ya Kiislamu. Aliitikia bila kuinua kichwa, akasema, “Petroli hakuna.”

Nikamwambia kwamba sikuja kuchukua petroli. Nikaisogelea kaunta, nikamwambia kwamba nilimkosea, kwamba hitilafu ilikuwa kwenye pikipiki yangu na mimi ndiye niliyeisababisha.

“Sisikii,” akasema.

Nikarudia.

Akaweka chini kijiko cha kupimia. “Siku ile ulisimama pale mlangoni. Watu walikusikia mpaka kwa uwanja wa mbuzi. Leo unaongea na mimi kama mtu anaongea na mgonjwa. Rudi pale, mzee. Ongea kama siku ile.”

Nilirudi mlangoni. Mwendo wa hatua nne. Nikageuka upande wa barabara nikasema kwa sauti, “Mimi Mutinda nilisema kwamba petroli ya Adan imechanganywa na mafuta ya taa. Si kweli. Petroli yake ni safi. Pikipiki niliizima kwa mkono wangu mwenyewe.”

Mzee mmoja pale benchini akamgusa mwenzake. “Rudia, daktari. Huyu wa kushoto masikio yake ni mabaya.” Wakacheka wote, hata wale wanawake. Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, sijui kwa nini.

Adan alitoka nje akajifuta mikono. “Lete pikipiki,” akasema. Akaleta faneli na kitambaa cha kuchujia, akamimina mwenyewe polepole. Kabla ya kuufunga mfuniko aliuinua juani, akakitafuta kile kitundu, akakipuliza kwa nguvu mbele ya wazee wale. “Mwambie yule mama wa ofisi, gari ije,” akasema. “Na wewe ukija, njoo. Lakini usiniulize kama petroli ni safi. Sema unataka lita ngapi, nyamaza.”

Nikasema nitanyamaza.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo: ninabaki. Sijatulia bado. Jumamosi lazima nisimame tena mbele ya yule mzee wa boma, na yeye hajaniambia kama atazuia ng'ombe wake kwa ajili yangu mara ya pili. Nimekwisha kufunga sanduku la barafu, nikalifungua, nikalifunga tena, na leo ni Alhamisi tu.

Mpe mama yangu salamu zangu za kwanza, naye Mwikali, binti yetu mkubwa, umwambie asome kwa bidii asiache hesabu. Msalimie ndugu yangu Musyoka anayetulimia shamba la mtoni, shemeji yangu fundi cherehani, na baba yangu mdogo ambaye najua atasema kwamba pikipiki si ya watu wa umri wetu. Usimsomee sehemu ya duka.

Karatasi hii ikinukia petroli usiingiwe na wasiwasi wala usidhani nimeanguka. Nimenawa mara tatu na harufu haitoki.

Ni mimi mumeo nikupendaye,
Baba Mwikali.