Majina ambayo Baba aliyapa mafaili

Jumanne, Amalemba

Na bado naiona ile folda ya "Hajulikani" nikifumba macho.

Leo mchana niliingiza vitabu vya marehemu Baba kwenye programu ya kupanga vitabu vya kompyuta. Yeye aliyapa mafaili majina yake mwenyewe: "Hiki kinachekesha", "Msomee mama yako". Programu ilinakili kila kitu, ikaunda folda za waandishi, ikaweka majina rasmi. Nikaona vitabu viko mara mbili, nikafuta vile vyenye majina aliyoyatunga Baba.

Kumbukumbu zake za maisha ya Shinyalu, alizoandika bila kuweka jina lake, programu ilizitupa kwenye folda ya "Hajulikani".

Nilimpigia Mama nikamweleza. Akasema, "Wafu hukujanga kwa ndoto wakiitisha jina. Huyo atakuja."

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, nao wafu wakatulia. Mimi sina mtoto. Niliandika jina la Baba mahali pa mwandishi, na kitabu cha kumbukumbu kikahamia folda yake chenyewe, bila mimi kukigusa. Nikadhani yameisha.

Lakini Mama amepiga tena. Anataka nimsomee kile alichoachiwa, kilichoitwa "Msomee mama yako".

Viko vingi, vyote sasa vina majina rasmi, mazuri. Sijui ni kipi.