Nimerudishwa Kuwa Shemeji wa Mke Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo mke wangu ataapa mbele ya wakili kwamba mimi si mume wake, na hati anayokwenda kuiapia nimeiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka.

Naomba nieleze kwa utaratibu. Mke wangu, Nyamvula, aliolewa kwanza na Charo, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, aliyekuwa tarishi wa kampuni moja jijini Nairobi na akafariki katika mlipuko wa bomu wa Agosti 1998, akamwacha Nyamvula na binti wa mwaka mmoja, Pascalia, na baada ya matanga na miaka miwili ya ukiwa wazee walikaa wakaamua, kwa mila yetu sisi Wagiriama, kwamba mimi ninayemfuata Charo kwa kuzaliwa nimrithi mjane, nami nikakubali, naye akakubali, na mwaka 2006 tukafunga ndoa kanisani hapa Kisauni, tukapewa cheti, tukazaa wana wawili, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa mume wake bila mtu yeyote kunipinga, hata yeye.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa Mikindani aitwaye Jacktone, anayejitambulisha kuwa wakala wa wakili, akatueleza kwamba kuna kesi inayoandaliwa ng'ambo dhidi ya serikali ya nchi fulani inayodaiwa kuwasaidia waliotega bomu lile, na kwamba jamaa za waliokufa wanaweza kujiunga nayo na kudai fidia, habari ambayo tuliipokea kwa machozi, maana tumengoja tangu Pascalia akitambaa na sasa yeye mwenyewe ana mtoto anayetambaa. Kisha Jacktone akasema kuna tatizo moja, akanitazama mimi.

Hoja yake ni kwamba mjane aliyeolewa si mjane tena, kwamba mahakama itasema amekwisha kufarijiwa, na kwa hiyo hadi hukumu itolewe inafaa nirudi kuwa shemeji. Shangazi Dhahabu akaitisha kikao cha ukoo. Nilitarajia anitetee. Akasema, "Mke tulimpa sisi. Kwani hatuwezi kumwazima kidogo?" Kikao kikakubali kwa kauli moja, nami nikiwa mmoja wa waliokubali, kwa kuwa sikutaka ionekane namzuilia marehemu haki yake.

Basi tangu Jumatatu iliyofuata ninalala kochini. Picha ya harusi yetu imeshushwa na kwenye msumari uleule imetundikwa ya Charo. Pascalia, niliyemlea mimi, ameagizwa aniite baba mdogo, na kila asubuhi husema, "Baba, chai tayari. Samahani. Baba mdogo, chai tayari." Jirani yangu Hashim amekwisha kuijua habari, nami nikipita kwenda kazini huniita kutoka barazani kwake, "Shemeji! Umeamkaje, shemeji? Wallahi nimeona watu wakinyang'anywa wake na matajiri, nimeona wakinyang'anywa na mabaharia, lakini wewe umenyang'anywa na serikali ya kigeni, tena isiyokujua hata jina!"

Jumamosi Jacktone alikuja kutufanyisha mazoezi ya mahojiano.

"Mama, huyu mzee ni nani?"

"Ni shemeji yangu," akajibu Nyamvula.

"Analala wapi?"

"Pale kochini."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Ah, mama! Unatuchoma! Sema tangu kitambo! Na hawa wawili wanaofanana na shemeji, ni wa nani?"

Shangazi Dhahabu akadakia, "Wanafanana na ukoo."

Mimi kazi yangu ni kukagua lakiri, ile mihuri inayofunga milango ya makontena, kule Changamwe na sijazoea mambo ya namna hii, lakini nilivumilia hadi tulipoanza kuiandika hati. Nyamvula anasema, mimi naandika. Kwa njia hiyo nimejua kwamba Charo alikuwa akimkanda miguu alipokuwa mjamzito, na kwamba alijua kupika wali wa nazi kuwashinda wanawake wa ploti nzima. Tulipofika aya ya tisa akaniambia niandike kwamba tangu mume wake wa kwanza afe hajapata furaha. Nikamwuliza, "Hata siku moja?" Akanijibu bila kuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua, "Andika, shemeji."

Nikaandika. Ila tangu hapo sina amani. Mimi sijui kupika wali. Charo pichani ana miaka thelathini na mmoja na nywele zake zote, mimi nina hamsini na mitatu na vidonge vya presha, nashindana na mtu asiyezeeka na asiyekoroma, ambaye sasa serikali nzima inaitwa mahakamani kwa ajili yake. Nikimzuia Nyamvula asiape, nitaonekana mwenye wivu kwa marehemu na mpokonyaji wa haki ya Pascalia. Nikinyamaza, naogopa kwamba akimaliza kuapa atagundua kuwa alichoapa ni kweli. Nifanye nini?

Shemeji kwa Muda,
Magogoni, Kisauni

*

Ndugu wa Magogoni,

Pole kwa kochi. Pole zaidi kwa msiba, ambao nitaurejea, kwa kuwa wewe mwenyewe umeupita mbio.

Kwanza karipio, maana unalistahili. Unalipwa kukagua lakiri. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kontena lenye lakiri iliyokatwa ikabandikwa tena halikaguliwi mlangoni tu. Hushushwa mzigo wote, na hata kilichokuwa halali humo ndani hutiliwa shaka. Hati ya kiapo haina tofauti. Nawe, mwenye ujuzi huo, umekaa kitako ukaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Jacktone amekosea, na kosa lake ni la msingi. Katika madai ya namna hii, kinachoangaliwa kwanza ni nani alikuwa mke wa marehemu siku aliyokufa. Siku hiyo Nyamvula alikuwa mke wa Charo, na hakuna ndoa ya baadaye inayoweza kuifuta siku hiyo. Kuolewa tena ni jambo la kuelezwa. Huenda likaathiri kiwango cha atakachopewa, huenda lisiathiri. Itategemea sheria ya nchi ambako kesi inafunguliwa, na mwenye kukujibu hilo ni wakili, si wakala.

Elewa pia mnaingia wapi. Kwa desturi ya mataifa, serikali ya nchi moja haiburutwi mbele ya mahakama ya nchi nyingine. Ziko nchi chache zilizoilegeza kinga hiyo kwa sheria, ili serikali iliyowasaidia magaidi iweze kushtakiwa na waliofiwa, na hata huko si kila mfiwa wa kila uraia hufunguliwa mlango. Ninayasema haya ili usijenge nyumba kichwani kabla ya kujua kama mtaingia. Mkiingia, mtakutana na mawakili wa serikali wenye subira kumshinda Shangazi Dhahabu, na watakachokitafuta ni uongo mmoja, wowote ule. Cheti chenu cha ndoa kimesajiliwa. Siku kitakapowekwa mezani, hakuna atakayeuliza tena ni nani aliyewasaidia walipuaji. Wataulizana ni nani aliyekuwa akilala kochini. Na atakayepoteza ni Pascalia, ambaye dai lake la ubinti halikuhitaji uhame chumbani hata kwa dakika moja.

Kuhusu Shangazi, mwambieni kwa heshima zote kwamba ukoo ulikuwa na uwezo wa kuwaunganisha, na ulifanya vyema. Uwezo wa kuwaazima haukuwahi kuwapo.

Sasa wivu. Mwanamke anayechagua mchele huku akitunga maneno ya kumridhisha wakala hafungui moyo wake. Aya ya tisa ni kazi ya Jacktone. Aya za kukandwa miguu ni za kweli, na hizo huna haki ya kuzichukia: ulijua ulipomkubali kwamba alikuwa amependa na amefiwa. Mtu anayekumbuka wema mdogo baada ya miaka ishirini na saba atakumbuka na wako, ukimtendea. Wali wa nazi haupikwi kwa kipaji. Jifunze.

Nimebakiwa na lile nililoahidi kulirejea. Barua yako nimeisoma mara tatu. Charo umemwita mzaliwa wa kwanza wa mama yenu, marehemu, mume wa kwanza wa mke wako, na mtu asiyekoroma. Hukumwita kaka yangu hata mara moja. Nadhani siku uliyokubali kuwa mrithi uliacha kuwa mfiwa, kwa sababu uliona haya kumlilia mtu ambaye umechukua nafasi yake. Hukuchukua kitu, bwana. Ulikabidhiwa. Zipo sheria zinazotambua hata uchungu wa ndugu wa tumbo moja. Mwulize wakili kama hii ni mojawapo. Akikuambia siyo, bado andika maelezo yako, kwa mwandiko wako huo mzuri: alivyokuwa, alivyokutania, siku mliyopata habari. Kurasa za Nyamvula umekwisha kuziandika zote, na zako hujaanza.

Fanya hivi. Ichane ile hati leo. Mtake Jacktone akupe jina kamili la wakili, ulithibitishe kwa chama cha mawakili, na akisitasita, msindikizeni hadi barabarani kwa adabu. Nyamvula aandike maelezo mapya yeye mwenyewe, hata kama mwandiko wake ni wa kubahatisha, aseme kwamba Charo alikuwa mume wake na kwamba baadaye aliolewa na mdogo wake. Gongomea msumari wa pili, picha zote mbili zikae ukutani. Rudi chumbani kwako. Jambo hilo halihitaji kikao. Usimwulize alimpenda nani zaidi, kwa kuwa hakuna jibu litakalokufaa.

Wakili akithibitika, Alhamisi nendeni pamoja, na cheti cha ndoa mkichukue. Wakili atakapokuuliza wewe ni nani, nyamaza. Mwache Nyamvula ajibu. Una haki ya kulisikia jibu hilo likitoka kinywani mwake, akiwa chini ya kiapo.