Birika la Dada Amna

Kariakoo, 9 Februari 1931

Dada yangu mpenzi Amna,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku Msimbazi. Mwili wangu mzima, ila moyo. Tangu tumzike mke wangu Zeina, duka nalifunga kwa kuchelewa, maana ndani hakuna wa kumwahi. Napika wali wa watu wawili kwa mazoea, nusu wanakula paka wa jirani. Nasikia nyumba ya marehemu baba inavuja kila chumba. Wewe peke yako Kilwa, mimi peke yangu hapa: ya nini? Njoo tukae pamoja. Chumba cha uani nimeshakisafisha.

Nduguyo,
Nasor

Kilwa Kivinje, 20 Machi 1931

Mdogo wangu Nasor,

Marahaba. Nashukuru kusikia mwili ni mzima. Moyo Mungu ataupoza. Mimi ni yale yale magoti. Kuchutama siwezi. Natawadha nikiwa nimekaa ukingoni mwa birika alilojenga baba, lile ulilokuwa ukinisukumia ndani ukakimbia. Huko kwenu nasikia maji ni ya kununua kwa debe. Mtu mzima nishikiwe kopo na nani? Jenga birika uani, nami nitakuja. Bila birika usinisumbue.

Dadako,
Amna

Kariakoo, 17 Mei 1931

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai magoti yamepoa kidogo. Hapa mjini huchimbi shimo bila ruhusa, hata kwenye kiwanja chako mwenyewe. Waingereza wanaogopa mbu kuliko simba. Basi nikaandika bomani: naomba ruhusa ya kuweka birika uani kwangu. Wamejibu kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa na birika nyumbani, mradi nisiuze chai bila leseni. Hiyo chai imenichekesha, lakini Wazungu na chai yao nani atawaweza? Fundi Mwinyimvua ameshamaliza. Ukingo ni mpana, wa kukalia, na kimo chake ni cha goti lako. Niambie utapanda meli ipi.

Nduguyo,
Nasor

Kariakoo, 28 Juni 1931

Dada yangu,

Shikamoo. U mzima? Sijapata jibu lako, na afadhali. Bwana afya alikuja na watu wake wa mbu. Nikamwonyesha barua ya bomani. Akaisoma, akalitazama birika, akaisoma tena, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaamuru lifukiwe.

Kesho yake akanijia dukani karani aliyelitafsiri ombi langu, kijana wa Kilimanjaro, jina lake Leodegar. "Mzee, kwetu birika ni la chai," akaniambia. "Niliona ajabu unaliombea ruhusa, nikadhani ndivyo mlivyo watu wa pwani."

Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa karibu kulia. Sasa uani kuna mchanga mtupu, nami nilikuwa nimeshakuzoea kabla hujafika.

Nduguyo,
Nasor

Kilwa Kivinje, 9 Julai 1931

Mdogo wangu,

Marahaba, mimi sijambo. Pole sana. Ndiyo kadari hiyo, usishindane na serikali. Wala usihangaike tena kwa ajili yangu. Mimi na nyumba hii inayovuja tumeshazoeana. Nakutumia mkeka niliousuka mwenyewe.

Dadako,
Amna

Kariakoo, 25 Oktoba 1931

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti je? Mkeka umefika, naulalia. Na serikali nimeshindana nayo, nikashinda. Leodegar aliliandika ombi upya, safari hii akachora na picha ili asije mtu akakosea tena. Bwana afya amekubali, kwa sharti niweke samaki aina ya perege wa kula viluwiluwi vya mbu, na watu wake wawe wanakuja kukagua. Mwinyimvua alipofukua mchanga, birika letu tulilikuta zima. Maji yamejaa, perege wanazunguka. Nauli ya meli imo humu ndani ya bahasha. Huna tena la kusingizia.

Nduguyo,
Nasor

Kilwa Kivinje, 30 Novemba 1931

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera, na huyo kijana mshukuru. Lakini uani kwako jua ni kali, adhuhuri nitakaaje hapo ukingoni? Birika la baba lina kivuli cha mkomamanga. Panda mkomamanga kwanza, ukue, ndipo tuzungumze. Nauli nairudisha isije ikapotea.

Dadako,
Amna

Kariakoo, 11 Januari 1932

Dada Amna,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya. Mkomamanga nimeupanda. Haujanifika hata kwenye kifundo cha mguu.

Nilipoumwagilia nikacheka. Kisha nikaenda kuisoma tena barua yako ya Julai, ile ya pole, nikaona ulivyofurahi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Na asiyetaka kuja, nadhani, hasemi siji. Ulitaka Mwingereza akanikatalie kwa niaba yako. Nimeumia, dada, sitakuficha.

Ila nimekuelewa. Baba na mama wamelala hapo nyuma ya nyumba, na huwezi kuwaacha. Mimi nimekuita mwaka mzima, na hata siku moja sikuwahi kusema nije Kilwa. Zeina yuko hapa.

Sitakuuliza tena. Leodegar hupita Jumapili akitoka kanisani. Naye mama yake yuko mbali. Ameninunulia birika, la chai, na tumekubaliana kwamba hili halihitaji ruhusa. Tunakaa ukingoni tunakunywa, tunatazama perege. Upande wa mkomamanga hatukai, huo ni wako.

Nduguyo,
Nasor