Mchoro wa Magotini

Jumatatu, 5 Mei

Teke tena. Safari hii la begani.

Kila siku hivyo hivyo. Saa mbili asubuhi namtoa Mzee nje amwone ng'ombe wake, maana asipomwona hanywi chai. Hatoki bila gambuti, yale mabuti yake ya mpira. Tukirudi napiga magoti mbele ya kiti chake nimvue, na mguu wa kushoto, ule ambao kiharusi hakikuugusa, unanipiga. Mkono wa kushoto unanisukuma kichwa. Tangu Januari hana neno hata moja, ni mguno tu. Lakini teke analo.

Nilifunga duka langu la kushona kule mtaani West Indies nikahamia hapa Kimumu nimtunze baba yangu, kwa sababu ndugu zangu Kibet na Kiprop wana familia. Mimi nina nini? Mbuzi?

Namchukia. Nimeandika. Ikae hapo.

Jumatano, 7 Mei

Nimemtolea michoro yake ya kazi, labda mkono upate shughuli nyingine. Alichora vifaa miaka ishirini na nane katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa, michoro akaja nayo nyumbani ndani ya bomba la plastiki.

Panya wamekula ukingo wote wenye majina. Kwa hiyo ni kukisia tu. Mmoja ni kile chuma chenye matundu cha kushikilia dirisha lisipigwe na upepo, huo niliujua upesi. Mwingine nadhani ni cha kubandulia kifuniko cha mkebe wa maziwa. Mingine sijui, na sijali.

Mzee alichagua mmoja, akauweka magotini. Hauachi. Anaugonga kwa kidole na kunitolea macho kana kwamba nimeuiba.

Alhamisi, 8 Mei

Bado anagonga. Nimekaa mbele yake nikautazama. Juu kabisa kuna mstari mrefu wenye vimistari vya mshazari, kama dari. Kutoka hapo kinashuka kipande kifupi kama tofali, na kwenye tofali umeshikiliwa ubao ulioinama. Ncha moja ya ubao imekatwa mdomo. Namba zilizobaki ni mbili, 11 na 1.

Nikamwuliza, kabati? Mguno. Mtego wa panya? Mguno. Kitu cha ng'ombe? Akafumba macho. Anataka kitu kwangu na mimi ndiye mjinga. Nikaupiga picha kwa simu, nikaenda kukamua.

Jumapili, 11 Mei

Ndugu zangu walikuja baada ya kanisa. Wanakuja sana siku hizi. Hawaji kumwona Mzee. Wanatafuta hati ya shamba.

Nikawaonyesha mchoro. Kibet akaketi mbele ya Mzee, akainamisha kichwa kama hakimu.

"Hii si ni ceiling, Cheruto? Mzee ameficha title huko juu."

"Na huo mdomo?"

"Hiyo ni lock."

Kiprop akakubali, kama anavyokubali kila kitu tangu azaliwe.

Nikakumbuka Jumapili za zamani. Mzee aliweka mchoro mezani, wavulana wawili mbele yake, anauliza, hiki ni nini? Kibet kila mara alijibu spana. Mimi nilisimama nyuma ya Mzee na birika, na nilijua vyote. Siku moja nikasema, ni cha dirisha. Ilikuwa kweli. Mzee hakugeuka. Alisema, "Chai." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na bado inaniuma.

Jumatatu, 12 Mei

Hati ninayo mimi.

Ilikuwa ndani ya bomba lile lile, katikati ya michoro. Nimeishonea ndani ya mto wangu. Wakiipata watauza shamba lote ubaki uwanja wa nyumba tu, na Mzee atamaliza siku zake akitazama ng'ombe wa jirani. Wacha watafute.

Jumatano, 14 Mei

Walikuja na nyundo. Wamebandua mbao tatu za dari ya chumba cha Mzee. Kilichoanguka ni mavi ya panya na magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Mzee aliunguruma na kupiga goti lake kwa ngumi.

"Unaona vile amechangamka?" Kibet akasema. "Tumekaribia."

Nilikaa mlangoni na kikombe changu. Nilifurahia kila ubao. Wakaondoka bila kurudisha hata mmoja.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kubwa. Bati lina matundu ya misumari, na ile dari ndiyo iliyokuwa ikikinga. Maji yakaingia kitandani mwa Mzee akiwa amelala mchana. Sasa anakohoa.

Kosa ni langu nusu. Sawa, zaidi ya nusu. Nimembadilishia blanketi. Akanisukuma.

Jumamosi, 17 Mei

Nimechoka na kidole hicho. Nilimpelekea Wanjohi, fundi wa mbao pale barabarani, ile picha ya simu.

"Nitakutengenezea, Mama," akasema. "Lakini ni ya nini, hiyo usiniulize."

Ametengeneza vizuri, kwa mbao ya saiprasi. Inchi kumi na moja urefu, unene inchi moja. Nikaigeuza mkononi mpaka nikaamua, ni ya kutundikia nguo. Nikaipigilia juu ukutani, tofali likaegemea boriti kama mchoro unavyoonyesha, nikatundika koti la Mzee kwenye ule mdomo. Nikamwita aone.

Alitazama koti. Akanitazama mimi. Akachukua kikombe chake cha chai kwa mkono wa kushoto, akakirusha. Blauzi yangu imeharibika. Machozi yalimtoka, na sikumfuta.

Jumapili, 18 Mei

Kibet tena, peke yake. Aliangalia koti lililoning'inia karibu na paa akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Wewe unajua title iko wapi."

Nikamwambia atafute. Akaniita mwanamke asiye na kwake. Aliyasema mbele ya Mzee, katika nyumba niliyoipiga deki asubuhi hiyo hiyo.

Kisha, ili aonyeshe mtoto mwema ni nani, akainama kumvua Mzee gambuti. Teke likampata kidevuni. Mpaka sasa nasikia meno yake yalivyogongana.

Nilifurahi siku nzima. Jioni ndipo nikaanza kufikiri. Kumbe si mimi tu.

Jumanne, 20 Mei

Leo ni siku ya ndevu. Kwa kawaida namnyoa kutoka mbele, lakini amekuwa akirusha mkono, kwa hiyo nilisimama nyuma ya kiti nikashika kidevu chake kutoka huko. Mchoro ulikuwa magotini mwake kama kawaida. Nikainama kufikia upande wa kulia, nikautazama juu ya bega lake.

Ile dari ni sakafu.

Wiki mbili tumekuwa tukiusoma kichwa chini. Ameushika ajisomee yeye, nasi tumeketi mbele yake tukitazama boriti. Ndivyo alivyofanya hata zamani, hakuwahi kuwageuzia wavulana karatasi. Hakuna kinachoning'inia. Vile vimistari vya mshazari ni ardhi. Tofali limekaa chini, ubao umelala juu yake, ncha moja imegusa sakafu, na ule mdomo umeinuka kidogo, upana wake sawasawa na kisigino.

Unakanyaga ubao kwa mguu mmoja. Kisigino cha pili unakiingiza mdomoni. Unavuta. Buti linatoka. Huinami, wala hakuna mtu wa kukupigia magoti.

Nikasema kwa sauti, "Ni ya kuvulia buti."

Akaacha kugonga. Wembe ulikuwa bado mkononi mwangu na povu lilikuwa limekauka shavuni mwake. Nikamaliza kumnyoa. Nilimkata kidogo chini ya sikio, sikukusudia.

Jumatano, 21 Mei

Nimeing'oa ukutani. Koti limerudi kwenye msumari wake wa siku zote.

Tulipotoka kwa ng'ombe niliiweka sakafuni mbele ya kiti, nikarudi nyuma hatua tatu. Alishika suruali yake kwa mkono wa kushoto, akauinua mguu mgonjwa, akauweka juu ya ubao. Kisigino cha kushoto mdomoni. Ikateleza. Akaanza upya. Mara ya nne gambuti likatoka likaanguka upande, na yeye akabaki anahema kama aliyepanda mlima.

Mguu wa kulia ulikataa. Hauna nguvu ya kuvuta. Nilisogea, akanguruma, nikarudi. Alikaa na gambuti moja mpaka saa sita.

Nimemwuliza, ulitaka nisikuguse, au ulitaka nisipige magoti? Nimemwuliza mara mbili. Alitazama dirisha. Inawezekana ni yote mawili. Inawezekana hakuniwazia hata kidogo, aliwaza miguu yake tu. Nimekasirika vilevile.

Jumapili, 25 Mei

Wanjohi alikuja jana akarudisha mbao za dari. Kikohozi kimepungua.

Asubuhi nimefumua mto. Hati nikaiweka mapajani mwa Mzee, juu ya mchoro. Niliuweka mchoro ukimtazama yeye. Aliisoma hati yote, polepole, kisha akajiegemeza upande mmoja, akaiingiza chini yake, akaikalia. Kibet akiitaka amwinue mwenyewe.

Tulimwona ng'ombe. Matope mengi. Tuliporudi aliuvua mguu wa kushoto peke yake, mara ya pili tu akafaulu. Nikavuta kigoda nikaketi, nikangoja wa kulia umshinde, angurume.

Hakunguruma. Alishika suruali yake, akauinua ule mguu, akauleta kwangu. Kisigino kikakaa juu ya goti langu.

Nikamvua. Soksi ilikuwa imelowa, nikaitoa nayo.