Kukataa Mara Mbili Katika Benki ya Solheim

Mpendwa Shangazi Borghild,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango na kuuegemezea kiti, ingawa nyumba hii tunaishi wawili tu, mimi na Bi Ragnhild Tveit, mjane aliyenipangisha chumba, naye yuko jikoni anakaanga viazi wala hajui lolote, na huko kutojua kwake ndiko kunakoninyima usingizi. Mimi ni karani katika Benki ya Wakulima hapa Solheim, nimesoma chuo cha biashara huko Fargo na cheti ninacho, lakini chuoni hatukufundishwa la kufanya benki inapokuwa imekufa na mwenyewe bado anaipaka rangi mlango.

Maana imekufa, Shangazi. Wakati wa vita, ngano ilipokuwa dhahabu, Bwana Osvald Nygaard, mwenye benki, alimkopesha kila aliyetaka shamba la pili, hata shemeji yake mwenyewe akampa mkopo wa kujenga hoteli ya ghorofa tatu katika mji ambao mgeni wake ni muuza cherehani anayepita mara moja kwa mwaka. Sasa ngano haina bei, mashamba hayana mnunuzi, hotelini wanalala njiwa, na sefu letu limepata nafasi kubwa na ubaridi mzuri hata mke wa Bwana Nygaard anahifadhi jibini humo. Mimi ndiye ninayelifungua kila asubuhi. Najua kilichomo. Kingi ni jibini.

Utauliza mbona watu hawaji kuchukua pesa zao. Wanakuja! Lakini unatujua sisi Wanorwei wa huku Amerika, mtu wetu akikaribishwa kahawa hukataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu ndiyo anapokea, na anayepokea upesi huonekana hakulelewa, basi Bwana Nygaard ameigeuza desturi hiyo kuwa ndiyo mtaji wa benki. Jumanne alikuja Mzee Sjur Kvam, amevaa koti la kanisani, akasimama dirishani akiitazama kofia yake.

"Karibu, Mzee Kvam. Umekuja kutoa pesa?" Bwana Nygaard akamuuliza.

"Aa, nilikuwa napita tu."

"Kama unazihitaji sema, tukupe."

"Sitaki kuwasumbua, mna kazi nyingi."

Hapo Bwana Nygaard akainamia daftari lake. Mzee Kvam akaingoja ya tatu, akaingoja mpaka mimi nikaona aibu, akaigeuza kofia huku na huku, akasema theluji mwaka huu imechelewa, akaenda zake.

"Umeona?" bosi akaniambia. "Hakuna anayetaka pesa zake. Hiyo ndiyo imani. Na wewe ukithubutu kumuuliza mtu mara ya tatu, kazi huna, na ukinong'ona huko nje, kuna sheria ya uvumi juu ya benki, utafungwa."

Sasa hili la Bi Tveit. Ameuza mashine ya kupura ngano aliyoachiwa na marehemu mumewe, ndiyo mali yake yote ukiondoa nyumba, mnunuzi amelipa nusu na nusu nyingine ataileta Ijumaa ya wiki ijayo, na Bi Tveit amesema Jumamosi yake anaipeleka benki. Ile nusu ya kwanza aliileta dirishani kwangu mwenyewe, amefuatana na akina mama wenzake wa kanisani, nami nilijaribu, Mungu ni shahidi.

"Mama Tveit, si ukae nazo tu nyumbani?"

"Nikae nazo nizifanye kitoweo? Chukua!"

"Kwa kweli siwezi kuzichukua."

Akawageukia wenzake. "Mnamwona kijana wangu alivyofunzwa? Hata pesa anazikataa mara mbili kama kahawa!"

Wakacheka wote, akazisukuma tena, ikawa ndiyo ya tatu, na ya tatu mtu hakatai, mikono yangu ikazipokea kabla sijaiambia. Adhuhuri haijafika, Bwana Nygaard alikuwa amezitumia kumlipa muuza makaa ya mawe, ambaye ni Mwairishi na hupokea mara ya kwanza.

Nikimwambia mama huyu, atawaambia wenzake, benki itavamiwa, watakaochelewa watakosa, na mimi nitafungwa. Nisipomwambia, Jumamosi atakuja na mkoba wake, akitabasamu. Nifanye nini, Shangazi? Lakini sitaki kukusumbua, kama huna nafasi usijibu. Ukiichapa barua hii gazetini, jina langu tafadhali lifiche.

Nisiyemeza viazi,
Solheim


Kijana wangu,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa Solheim ina benki moja na benki ina karani mmoja. Majina ya wengine hukuniomba niyafiche.

Pole. Hoteli hukuijenga wewe. Lakini usinidanganye kwamba ulijaribu. Anayeona paa linawaka hawaambii waliomo "si mtoke tu nje?" Ulikataa kwa adabu ukijua adabu itakushinda, kisha ukaja kuilaumu mikono.

Unaogopa sheria ya uvumi? Uvumi ni habari isiyo na mwenyewe. Wewe sefu unalifungua kila asubuhi. Iko sheria nyingine ambayo bosi wako hakukusomea: anayepokea amana akijua benki haiwezi kuirudisha ana kesi ya kujibu, na anayesimama dirishani ni nani? Si yeye.

Wala usimnong'oneze Bi Tveit peke yake azitoe za kwanza kwa mlango wa nyuma. Huko ni kulipia viazi vyako kwa pesa za Mzee Kvam. Kilichobaki, hata kiwe kiduchu, ni cha wote.

Kwa hiyo nilipomaliza barua yako nilipiga simu Bismarck, makao makuu ya jimbo letu, kwa mkaguzi wa benki. Anashuka kwenye treni leo Alhamisi, siku gazeti hili linapowafikia. Yeye ana mamlaka ya kufunga mlango na kugawa kilichomo kwa haki, jibini likiwemo. Bwana Nygaard akitaka kunishtaki, anwani yangu iko ukurasa wa kwanza. Aje. Kahawa nitamkaribisha mara mbili.

Kwa Bi Tveit nenda sasa hivi, kabla hajapakua chakula, maana ukurasa huu anausoma. Mwambie nusu ya kwanza huenda imekwenda, na kwamba ni wewe uliyeipokea. Akikurushia mwiko, usikwepe. Nusu ya pili isivuke kizingiti cha nyumba yake; akikusukumia, kataa mara ya tatu, na ya nne, mpaka akuone huna adabu.

La mwisho ndilo gumu. Mkaguzi ameniambia mwaka jana alipita Solheim, akauliza benki inaendeleaje, karani akatazama viatu vyake akamjibu, "Si vibaya sana." Akaridhika, akarudi na treni ya jioni. Leo atakuja dirishani kwako na swali lile lile. Mtu huyu ametoka Boston, mwanangu. Desturi zetu hazijui. Atakuuliza mara moja tu.

Shangazi Borghild