Swali Nililoulizwa Mbele ya Zawadi

Lindi, Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu wako unakanyaga vizuri sasa? Na mahindi ya huko Mwamkulu, mvua imeyatosha? Mimi mwili hauna shida, ila moyo umejaa hofu. Ningepiga simu, lakini ningelia kabla sijamaliza. Naipiga picha barua hii nimtumie mdogo wangu Beata, akusomee leo leo.

Unamkumbuka Zawadi, yule binti wa Sitalike, kipa wetu? Jana asubuhi, tukiwa tumeshakusanya simu za wachezaji kwa ajili ya mechi, mjomba wake alinipigia.

"Mwalimu, mama yake kalazwa hapa Mpanda, hali mbaya. Anamwita. Mwambie aje."

Nikaitikia. Mama, sikumwambia. Sina kipa mwingine. Nilijisemea, dakika tisini tu.

Tukafungwa mabao manne. La nne lilimponyoka mikononi, nami nikamfokea kutoka benchi.

Baadaye tuliketi mbele ya waandishi, mimi na Zawadi, kwa kuwa ndiye nahodha. Nikasema yale tunayosema siku zote: mpira una matokeo matatu, tunakwenda kurekebisha makosa. Mwandishi mmoja wa redio, sijui nani alimwambia, akasogeza kinasa sauti.

"Kocha, ni kweli umemficha kipa wako kwamba mama yake yuko mahututi?"

Zawadi akanigeukia. Meneja wa timu, aliyesimama nyuma yangu, akaninong'oneza, "Sema hayo ni mambo ya familia." Nilimchukia yule mwandishi, lakini hakusema uongo.

"Ni kweli," nikajibu. "Niliambiwa asubuhi, nikanyamaza. Kosa ni langu. Naomba mzime kamera, huyu mtoto aondoke."

Hawakuzima. Zawadi akasimama, akasema taratibu, "Mwalimu, angekuwa mama yako?" Akatoka.

Leo alfajiri nilimfuata stendi. Hakukubali hata nimbebee begi. Ni siku mbili hadi huko, Mama. Kufukuzwa kazi naogopa, lakini hilo dogo. Kila simu ikilia nadhani ni mjomba wake.

Nakuomba uende hapo hospitali ya Mpanda sasa hivi. Kaa na mama Zawadi, mshike mkono, mwambie mwanawe yuko njiani.

Nisalimie baba mdogo Kasiani, fundi baiskeli, na shangazi Veronika na wanakwaya wenzake. Waambie wamwombee mgonjwa.

Na wewe ukiugua, Mama, usikubali mtu anifiche. Hata niwe katikati ya mechi.

Mwanao,
Skola