Sahani ya Kwanza ya Mwaka

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinikataza kuanza neno na mkubwa bila salamu.

Leo ni mwaka mpya, wa kwanza bila wewe. Nimerudi kutoka kanisani nimejaa kinyaa, na aliyenitia ni mwanao Deo. Alisimama kutoa ushuhuda kwenye ibada ya shukrani, suti imenyooka, na mpiga picha aliyemkodi mwenyewe yuko mbele yake. Akamshukuru Mungu kwa kumpa nguvu za kukuuguza. Halafu akainua mikono: "Kwa mikono hii nilimwosha mama yangu kidonda mpaka siku ya mwisho." Watu wakalia. Mimi nikazitazama zile kucha zake safi.

Mikono ipi, mama? Kidonda chako tulikiosha mimi na Mama Salha, jirani yetu, aliyekuwa akimaliza kuswali alfajiri anakuja moja kwa moja na maji yake ya chumvi ya vuguvugu. Deo alikuja hapa kwetu Chamazi mwaka mpya uliopita tu. Akaishia mlangoni pa chumba chako, leso puani, akasema ana mafua. Alipofika getini akiondoka, mafua yalikuwa yamepona.

Na bango je! Ameichapisha picha yako kubwa, wamekung'arisha uso mpaka nikajiuliza mama huyu ni wa nani. Ungeliona ungecheka, kisha ungelishusha ukafunikie banda la kuku, maana linavuja.

Sasa Deo na wageni kutoka kanisani wako sebuleni wanasubiri pilau. Deo amemwuliza Mama Salha yeye ni nani. Mama Salha akajibu kwa upole kwamba ni jirani tu. Nikakimbilia jikoni.

Nimepika kama ulivyokuwa ukipika, na sahani ya kwanza najua inakwenda wapi. Kwako haikuwa ya mgeni wala ya mchungaji. Ilikuwa ya yule aliyekuudhi kuliko wote mwaka ule. Ulisema Mungu hapokei shukrani ya mtu aliyemnyima mwenzake chakula. Nilikuwa nakuona ukivuka njia na sahani yako, uso umeukunja, unaiweka mezani kwa watu na kurudi. Nilipokuuliza mbona umenuna, ukanijibu: "Mungu kasema nipeleke, hajasema nicheke."

Mwaka jana ulikuwa hujiwezi kitandani. Ukaniambia sahani ya kwanza nimpe Deo palepale mlangoni. Nilibisha, nikasema kuna mama mwenye duka aliyekutukana. Ukasema, "Mpe huyo." Ndipo nilipojua kwamba ile leso uliiona.

Basi na leo ni yake. Nimeshapakua, nimeifunika kawa. Sijamsamehe, nisikudanganye. Nitamwambia, Mama Salha akiwa palepale, ni mikono ya nani iliyokuosha. Kisha nitamnawisha kwa lile jagi la bluu tulilokuwa tukikuoshea kidonda, aguse maji yake walau mara moja. Akimaliza kunawa, atakula.

Namshukuru Mungu kwa ajili yako, mama, na kwa Mama Salha. Kwa Deo bado sijaweza.

Pumzika. Nakuahidi kila mwaka mpya nitaipeleka sahani ya kwanza inakotakiwa. Kucheka usinidai.

Mwanao,
Neema